Wasifu Si Historia Fupi ya Marehemu

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anapofika darasani kwangu, wasifu anaujua tayari, hata kama hajawahi kushika kitabu cha maisha ya mtu yeyote. Ameusikia msibani. Turubai limefungwa, masufuria yako kwenye mafiga, mchungaji ameketi, na ndugu mmoja wa marehemu mwenye sauti ya kusikika anaitwa mbele na karatasi mbili zilizochapwa stesheneri asubuhi ile ile. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Alipata elimu ya msingi, akaajiriwa, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto. Kisha akaanza kusumbuliwa na maradhi, akatibiwa hospitali kadhaa bila nafuu, na mpaka umauti unamkuta alikuwa mtu wa watu. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Sina ugomvi na karatasi ile. Ina kazi yake, nayo ni kufariji. Hakuna anayetaka kusikia, mbele ya mjane, kwamba marehemu aliwahi kuachishwa kazi, au kwamba kwa miaka mingi yeye na kaka yake walikuwa hawasalimiani. Tabu inaanza pale ninaposema darasani, "Andikeni wasifu wa mtu mnayemfahamu." Hapo nakusanya rundo la misiba. Watu wazima wenye afya zao, ambao jioni nitawakuta sokoni wakiuza nyanya na maparachichi, wameandikwa kama vile tumeshawazika. Mmoja aliniandikia kuhusu shangazi yake: "Enzi za uhai wake alipenda sana ushirikiano." Shangazi huyo ndiye aliyekuja shule wiki iliyofuata kulipa mchango wa chakula.

Nimefundisha Kiswahili hapa Iringa kwa muda wa kutosha kuweza kukisia insha kabla sijaisoma. Sentensi ya kwanza ni mwaka wa kuzaliwa, ya pili ni idadi ya ndugu. Inafuata shule, kazi na ndoa, na mwishoni zinapangwa sifa: mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu. Ukifuta jina la mhusika ukaweka la jirani yake, hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo somo langu la kwanza huwa ni hilo. Nachukua insha mbili au tatu, naondoa majina, nasoma kwa sauti, kisha nauliza ipi ni ya nani. Wanacheka, wanabishana. Mara nyingine hata aliyeandika anashindwa kumtambua mjomba wake mwenyewe.

Halafu naandika swali moja juu ubaoni, kwenye kona, na viranja wana maagizo ya kutolifuta: Umejuaje?

Alikuwa mcheshi. Umejuaje? Alisema nini mkacheka, na mlikuwa wapi? Alizaliwa 1948. Umejuaje? Kuna cheti, kuna kadi ya ubatizo, au kuna mtu alikadiria? Alipendwa na watu wote. Hapo sihitaji kuuliza, darasa linaguna lenyewe, maana kila mmoja anamjua angalau mtu mmoja aliyekuwa haelewani na huyo mpendwa wa wote.

Wapo walimu wenzangu wanaoona swali hili linawafundisha watoto ubishi. Inawezekana. Lakini mtoto anayeandika wasifu bila kuulizwa hivyo anajifunza kitu kibaya zaidi ya ubishi. Anajifunza kwamba maisha ya mtu ni fomu, na kwamba kazi ya mwandishi ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kabla ya kuwatuma kwa bibi zao, nawapeleka kwa Bibi Titi Mohamed. Jina wanalijua, na waliowahi kufika Dar es Salaam wanaijua barabara yake. Nawaambia waandike wanachokijua, mistari kumi tu. Inakuja hivi: alizaliwa Dar es Salaam 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma, aliingia TANU 1955 akaongoza akina mama, alizunguka nchi kudai uhuru, alifariki Novemba 2000 huko Johannesburg. Yote ni kweli. Nawaomba wapige hesabu ya miaka kati ya uhuru na kifo. Inafika karibu arobaini. Sasa miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini?

Kimya. Nadhani kimya hicho kinafundisha kuliko maelezo yangu yoyote. Ndipo nawapa ukurasa wa pili: alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ambayo upande wa mashtaka ulimtaja Oscar Kambona, aliyekuwa uhamishoni London, kuwa kiongozi wa njama. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais, Rais yule yule aliyekuwa amesimama naye majukwaani miaka ya hamsini. Na baadaye nchi iliyomfunga ikaipa barabara jina lake.

Wavulana wa nyuma huuliza mara moja, "Kwa hiyo Mwalimu, alikuwa na hatia au hakuwa nayo?" Nawajibu kwamba mwandishi wa wasifu hajaitwa kuhukumu. Andika alishtakiwa kwa lipi, mahakama ilisema nini, yeye alisema nini, Rais alifanya nini, kisha mwachie msomaji. Wengine hawaridhiki na jibu hilo. Lakini nimegundua kwamba wasioridhika ndio wanaorudi maktaba kutafuta zaidi, na kwetu maktaba ni kabati mbili na meza, kwa hiyo kurudi kwenyewe ni jambo.

Sisi wa Iringa tuna bahati nyingine: tuko jirani na Kalenga. Ukitoka mjini kwa gari hata hujakaa vizuri umefika. Makumbusho ni nyumba ndogo, na ndani yake, kwenye kisanduku cha kioo, kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wanafunzi huingia wakisukumana na hunyamaza wenyewe wakilifikia. Nawaacha waangalie. Kuna tundu, wanalionyeshana kwa vidole. Kisha nauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

"Mkwawa, Mwalimu."

"Mmejuaje?"

Mwaka mmoja mtoza kiingilio alinitazama kama niliyetukana. Lakini swali hili lina jibu refu, na kila sehemu ya jibu ina mtu aliyelisema na sababu yake ya kulisema. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi la Mkwawa liliwavamia Wajerumani walioongozwa na Emil von Zelewski, mtu ambaye watu walimwita Nyundo, na Zelewski akafia hapo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliingia porini akapigana vita vya kuvizia karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na akikaribia kuzingirwa, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Kikosi kidogo cha Wajerumani kikaufikia mwili, kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa mkuu wao, Tom von Prince.

Mpaka hapo wanafunzi wanajua. Sehemu wasiyoijua ndiyo ninayoipenda. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultan Mkwawa. Kifungu hicho hicho kinadai Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz. Sijui kama kuna sentensi nyingine duniani iliyowaweka Kalenga na Hejaz pamoja namna hiyo. Miezi sita ikapita, ikapita miaka zaidi ya thelathini. Ni 1953 tu ambapo Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, kwenye mkusanyiko wa mafuvu yapata 2,000. Yakatengwa yale yaliyotoka Afrika Mashariki, vipimo vyake vikalinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na likachaguliwa moja lililokaribiana nao, ambalo pia lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa hapa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tumejuaje? Kwa vipimo, kwa tundu, na kwa neno la gavana aliyekuwa na sababu zake. Ilikuwa miaka ya Mau Mau huko Kenya, na ni vigumu kuamini kwamba Twining hakuona faida ya kuwafurahisha Wahehe wakati huo. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama fuvu lililochaguliwa ndilo lenyewe. Ukoo ulilipokea, watu wanalienzi, na hilo nalo ni ukweli wa kuandikwa. Nawaambia wanafunzi waandike aya moja tu, ya siku fuvu liliporudi, na wasiweke sentensi ambayo hawawezi kuitetea. Aya zinazotoka hapo huwa fupi na ngumu. Nazipenda kuliko kurasa tatu za ushujaa.

Kuna binti aliyewahi kuandika kwamba Mkwawa hakuwahi kuogopa kitu. Kabla sijafungua mdomo, jirani yake alimjibu, "Sasa ukuta wote ule wa mawe alijenga wa nini?" Darasa likalipuka. Lakini sentensi iliyokuja baada ya mabishano yale ilikuwa bora: alijua wanakuja, na alijiandaa. Hapo ndipo shujaa wa kwenye kitabu cha historia alipoanza kuwa mtu.

Kwa upande wa kusoma, chombo changu kikuu ni Shaaban Robert, na humo zaidi ni wasifu alioandika wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Natoa nakala za kurasa chache (shilingi mia kwa ukurasa, na mwenye mashine ananijua), kila dawati nakala moja, na kila mmoja kalamu ya risasi. Wanasoma wakiandika herufi pembeni. M kama habari imetoka mdomoni mwa mtu, N kama imetoka kwenye nyaraka, K kama mwandishi anakisia, S kama anasifu. Mwanzoni kila kitu kinapewa M au N. Siku chache baadaye zinaanza kujaa S, na wanashangaa kuona hata mwandishi mkubwa anazo nyingi. Shaaban Robert anampenda mtu wake, na mara nyingine anaacha kusimulia ili atoe nasaha. Nawaruhusu wamlalamikie. Mwandishi mkubwa havunjwi heshima kwa kusomwa kwa makini.

Lakini nawataka pia waone ugumu wa kazi aliyoifanya. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, mtoto wa mkulima na mfinyanzi, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akihamasisha wateja kwa sauti yake. Alihamia mjini 1911. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo hakuacha barua wala shajara. Alifariki Julai 1950. Mtu kama huyo utamwandika kwa kutumia nini? Kwa mdomo wake mwenyewe ukiwahi, na Shaaban aliwahi. Kwa midomo ya waliomjua. Na kwa sahani za santuri, maana 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi, na nyimbo za Kiswahili zikauzwa dukani kwa mara ya kwanza zikiwa na sauti ya mwanamke aliyewahi kuchuuza vyungu.

Nina rekodi yake moja kwenye simu. Nawasikilizisha kwa spika ndogo, madirisha yamefungwa kwa sababu darasa la jirani wana hesabu. Sauti inakwaruza, fidla inatangulia, wanafunzi wanatazamana. Baadhi wanataka kucheka. Kabla ya kusikiliza walikuwa wameandika "alikuwa na sauti nzuri". Baada ya kusikiliza, sharti ni kueleza sauti ile bila kutumia neno "nzuri", "tamu" wala "ya kuvutia". Mmoja akaandika kwamba inatokea puani na inakawia kwenye neno la mwisho hadi unapata hofu kwamba hatalimaliza. Mwingine akaandika kwamba haimwombi mtu amsikilize. Sijui alilitoa wapi hilo. Nililinakili kwenye shajara yangu ya kazi.

Kisha tunafika kwenye kejeli. Siti alipoanza kupata jina, waliomwonea wivu walimtungia beti za kumcheka, za sura yake na za kaniki aliyoingia nayo mjini. Naye akajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Nawauliza wanafunzi: je, ingekuwa historia fupi ya marehemu, beti zile zingesomwa? Hapana, zingeachwa kwa heshima. Na zikiachwa, jibu lake nalo linaondoka, na anabaki mwimbaji maarufu aliyejaliwa kipaji, maneno ambayo yanamfaa mwimbaji yeyote.

Tawasifu, yaani maisha ambayo mtu anajiandikia mwenyewe, naipitia haraka, kwa kuwa muhula hautoshi. Tunasoma kidogo ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akishawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode. Ni maandishi ya kusisimua kweli kweli: biashara, safari, vita, madeni. Swali la "umejuaje" halimsumbui, maana anasimulia ya kwake. Tunamwuliza lingine: nani yumo humu bila jina? Wanafunzi wanahesabu wenyewe. Machifu wana majina, wafanyabiashara wana majina, Wazungu wana majina. Waliobeba pembe kutoka Manyema hadi pwani, wengi wao hawana. Kengele inalia hapo na huwa naiacha ilie.

Baada ya hayo ndipo wanakwenda kuandika. Masharti ni machache. Mhusika awe mtu mzima aliye hai unayeweza kumrudia. Asiwe mbunge, mchezaji wa Simba wala msanii wa Bongo Fleva, maana hao utawadesa kwenye mtandao jioni moja. Ukikaa naye, beba daftari. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, na hata nyumbani nawashauri waiache, kwa sababu mtu mzima akiona simu imeelekezwa mdomoni anaanza kuzungumza kama mgeni rasmi.

Sehemu ngumu ni maswali. Mtoto anakwenda, anaamkia, "Shikamoo Bibi," anaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu," kisha anauliza, "Bibi, maisha yako yalikuwaje?" Bibi anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mazungumzo yameisha. Nawaambia waulize vitu vinavyoshikika. Sukari mlikuwa mnaipata wapi? Jioni mlikuwa mnapika nini? Nani alikuwa anachota maji, na kisima kilikuwa umbali gani? Harusini ulivaa nini, na nguo ilitoka kwa nani? Mtoto aliyemwuliza babu yake kuhusu sabuni alirudi na kurasa nne za miaka ya themanini mwanzoni: foleni ya duka la kijiji, unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza Yanga, watu kufukia bidhaa shambani 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, na jinsi babu alivyolia aliposikia redioni kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki, Aprili 1984. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingetoka kwenye "maisha yako yalikuwaje".

Miaka ya kuzaliwa ina somo lake. Wazee wengi wa huku hawakuandikwa popote walipozaliwa. Tunatengeneza ubaoni orodha ya matukio, kama makarani wa sensa wanavyofanya wanapomkadiria mtu umri: uhuru, Desemba 1961, Azimio la Arusha, Februari 1967, Operesheni Vijiji na njaa ya 1974, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, mvua za El Nino, 1997. Na kwa Iringa kuna tukio moja ambalo halimpiti mzee yeyote: Krismasi ya 1971, siku Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipopigwa risasi na mkulima huko Isimani wakati wa mvutano wa kilimo cha ujamaa. Ukimwuliza mzee alizaliwa lini atatikisa kichwa. Mwulize alikuwa wapi Klerruu alipouawa, atakuambia hata alikuwa amebeba nini.

Binti mmoja alirudi na jibu la bibi yake: siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza amemwachisha ziwa mtoto wa pili. Tukakaa naye, tukahesabu kurudi nyuma. Mtoto wa pili atakuwa amezaliwa 1969 au 1970. Wa kwanza alimtangulia kwa miaka kama mitatu. Ndoa ilikuwa "mavuno mawili" kabla ya huyo wa kwanza. Na bibi anakumbuka kwamba alipoolewa wenzake wa rika lake walikuwa bado wanachezwa unyago. Kitambulisho chake kinasema 1944. Binti akamrudia kumwuliza, bibi akacheka: siku ya kuandikishwa karani aliangalia mvi akaandika. Sentensi ya mwisho aliyoileta binti ilisema kwamba bibi yake alizaliwa kati ya 1947 na 1951, kwa hesabu ya watoto wake, na kwamba serikali imemwongezea miaka. Hiyo ni sentensi ya mwandishi wa wasifu. Ina chanzo, ina shaka, na ina bibi ndani yake.

Yapo ambayo hayaandikwi. Mtoto anaweza kuchimbua kwamba baba mkubwa si mtoto wa babu, au kwamba ugonjwa uliomwondoa mama mdogo una jina ambalo nyumbani halitajwi. Kwa hiyo tuna utaratibu: insha inasomwa mbele ya mhusika kabla haijanifikia mimi, na mhusika ana haki ya kusema hiki toa. Asiyejua kusoma anasomewa, kwa Kihehe ikibidi, mtoto akitafsiri papo hapo. Ninachokataa ni mhusika kuongeza sifa. Babu mmoja aliagiza iandikwe kwamba alikuwa kiongozi shupavu. Mjukuu akamwambia kwa adabu, "Babu, Mwalimu atauliza umejuaje." Nasikia babu alikaa kidogo, kisha akasimulia siku alipogombana na katibu kata kuhusu mbolea, na habari hiyo ndiyo iliyoingia.

Kusomewa huku kumezaa jambo ambalo sikulipanga. Watu wanajibu. Wanasikia maisha yao yakisomwa kutoka kwenye daftari la mistari na wanaanza kubishana nayo. Yule bibi wa Krismasi ya 1971 alisikiliza kimya hadi kwenye aya inayosema kwamba aliikimbia ndoa yake ya kwanza. Akainua mkono.

"Nani kasema nilikimbia? Sikukimbia. Niliaga."

Habari ya kukimbia ilikuwa imetoka kwa mama mdogo, aliyesimulia kwa kujiamini kabisa kwamba bibi aliondoka usiku na watoto wawili na godoro. Binti alikuja kwangu na daftari, amechanganyikiwa, akitaka nimwambie afute ipi. Nikamwambia asifute yoyote. Akaandika upya, mbele yangu, akikata na kurudia: Mama mdogo anasema Bibi alikimbia usiku. Bibi anasema aliaga mchana, ila aliyeagwa hakusikiliza.

Nikampa alama zote za aya hiyo. Kisha nikamwuliza mama mdogo alikuwa na umri gani wakati huo. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Mwalimu, nadhani alikuwa hajazaliwa." Jumamosi anarudi kwake kumwuliza alisimuliwa na nani.